Kinamasi Kilichoanikwa Juani

Msanii mwenyewe alijiita Sauti ya Ardhi Oevu, ingawa tope aliliogopa kama paka aogopavyo maji.

Kazi yake ya sanaa, tuseme haki, ilipendeza. Taa mia mbili zilining'inia ukumbini, zote zikifuata kipima unyevu ambacho, kwa maneno yake, kilichomekwa katikati ya kinamasi. Udongo ukilowa, taa zinakuwa buluu. Ukikauka, zinakuwa nyekundu kama macho ya mlevi.

"Hapa ardhi inasema yenyewe," alijigamba. "Mimi ni mkalimani tu."

Na siku hiyo ardhi ilikuwa na kesi. Mhandisi wa manispaa, mama mmoja asiyepoteza maneno, alikuwa amekuja kuamua: kinamasi kiachwe, au kifukiwe kiwe maegesho ya malori.

Pazia likafunguliwa. Taa zote nyekundu.

"Nyekundu ndiyo nini?" akauliza mhandisi.

"Ni... ukavu wa muda."

"Kama ni pakavu, tunabishania nini? Tutafukia."

Jasho likamtoka msanii kuanzia penye nywele hadi pasipo nazo. Akajibanza nyuma ya nguzo kumpigia mama mkwe wake. Kwa haraka zake, akabonyeza spika bila kujua. Ukumbi mzima ukasikia.

"Mama, lile beseni la tope uani, lina maji?"

"Beseni lipi, baba? Mbona nafulia? Tope lako nimelianika kwenye bati, linakauka vizuri tu. Na kale kadude kenye waya nimekachomeka humo humo, kasipotee."

Hata taa zingeona haya, ila zilikuwa tayari nyekundu.

"Kwa hiyo kinamasi chetu kinaishi kwa mkweo, ndani ya beseni," mhandisi akasema. "Haya, twende kinamasini kwenyewe. Tangulia, mkalimani."

Akatangulia; angefanyaje? Hatua ya kwanza, salama. Ya pili, kifundo cha mguu. Ya tano, tope likammeza nusu nzima, akabaki amesimama kama mlingoti uliosahauliwa bendera, vyura wakimzomea kutoka kwenye matete.

"Nivuteni basi, jamani."

"Tulia kwanza, usituharibie kipimo," mhandisi akamwambia, kisha akamgeukia karani wake. "Andika: maegesho hapana, lori halisimami hapa. Unyevu umefika kwenye mkanda wa msanii, na bado anashuka."