Mashine ya Fundo Moja

Jumatatu, 2 Juni

Nimeiokoa! Mwenye vyuma chakavu alikuwa ameshawasha moto wa kukatia, cheche zinaruka. Nikapanda juu ya mashine nikakaa kitako. Akaniambia nishuke kabla sijaungua makalio. Sikushuka. Nikamwambia hii ni mashine ya marehemu baba yangu, ndugu waliiuza kwa siri. Chozi likanitoka. La moshi, lakini lilitoka. Akazima moto, akavua kofia, akaniachia na pole juu.

Baba yuko hai, bila shaka. Asubuhi alikuwa analalamikia chai. Lakini mashine ya kufunga nyasi kavu ya miaka sabini haipatikani kwa kusema kweli. Pande hizi zimebaki mbili tu. Nyingine anayo shemeji, kaka wa mke wangu, ameifunika shuka kama bibi harusi. Sasa atanijua mimi ni nani.

Jumanne, 3 Juni

Dada yangu mkubwa ana ng'ombe kumi na wanne wa maziwa. Nyasi za shamba lake zinafyekwa kesho, zikaushwe juani, Jumamosi zifungwe marobota. Hizo ndizo zitakazowavusha kiangazi, miezi mitano. Alikuwa ameagiza mashine mpya ya kukodi. Nikamwambia aachane nayo, yangu ipo! Akaniuliza mara tatu kama nina hakika. Nikaapa mara tatu. Akapiga simu akavunja miadi. Mwenye mashine akasema basi anakwenda mbali, hatarudi kabla ya wiki mbili.

Dada akaweka simu mezani. "Wanyama wangu nimekukabidhi, mdogo wangu," akaniambia.

Sijaizungusha bado. Ila rangi nimeshanunua. Nyekundu.

Jumatano, 4 Juni

Nimeipaka rangi yote. Nje, ndani, hata lile sanduku la chuma ambamo nyasi zinashindiliwa. Mikono miwili ya rangi! Inang'aa hadi jirani kaja kuitazama. Mke wangu akauliza kama inafanya kazi. Nikamwambia ajifunze kufurahia vitu.

Mchana, balaa. Mwenye vyuma chakavu kaja nyumbani kutoa pole. Yeye, mkewe na kilo mbili za sukari. Aliyewafungulia mlango ni Baba. Akawakaribisha, akapokea sukari. Mgeni akamshika mkono, akampa pole kwa kumpoteza mzee. Baba akauliza mzee yupi. Mimi nilikuwa chini ya mashine. Nikabaki chini ya mashine. Wakakaa saa nzima. Baba alidhani msiba ni wao, akawasaidia kulia. Hadi sasa hajajua.

Alhamisi, 5 Juni

Jaribio la kwanza. Nimezungusha gurudumu kwa mkono, nyasi nimetoa kwenye godoro kuukuu. Kila robota lina kamba mbili, na kila kamba fundo lake. Kamba ya kushoto: fundo safi. Ya kulia: hakuna kitu. Robota likatoka limefunguka upande mmoja kama mtu aliyesahau vifungo.

Nikachungulia. Kuna kidude kinachoikunja kamba na kupiga fundo. Tunakiita mdomo, maana kimekaa kama mdomo wa kasuku. Cha kulia hakipo. Kimekatika kwenye shina. Na nyasi za Dada zimelala chini tangu jana!

Shemeji anayo midomo miwili mizima. Kumwomba? Nife kwanza. Nikaenda kumsalimia na mche wa sabuni mfukoni. Nia yangu: nikandamize mdomo wake kwenye sabuni, nipate umbo, nikachonge wangu. Mke wa shemeji akaiona sabuni, akanishukuru kwa zawadi, akaenda kufulia. Nikarudi mikono mitupu. Shemeji akanisindikiza hadi barabarani, akauliza kwa upole kama mafundo yanakwenda vizuri. Nikamjibu yote mawili. Anajua! Mtu huyu anajua.

Ijumaa, 6 Juni

Nimechonga mdomo kutoka bawaba ya mlango wa choo. Saa tisa nzima nikisugua kwa tupa, vidole vyote vimechubuka. Mlango wa choo sasa unashikiliwa na aliyemo ndani. Baba hajafurahi.

Mdomo umekaa mahali pake kabisa. Kuujaribu sijaujaribu, nyasi za godoro zimeliwa na mbuzi. Kuna wingu moja upande wa mashariki. Dogo. Nimelitazama, likawa mawili. Dada kapiga simu mara nne. Ya nne sikupokea.

Jumamosi, 7 Juni

Saa tatu, shambani. Nyasi zimekauka vizuri, safu kwa safu, zinanukia. Yupo Dada, wapo majirani sita na uma zao. Na mawingu, yamejaa nusu ya mbingu. Trekta la kuazima likanguruma. Nyasi zikaingia, hazikutoka. Zimenata. Rangi! Ndani ya lile sanduku panatakiwa chuma kitupu, kiteleze. Tukakwangua kwa visu na majembe saa mbili nzima. Dada alikwangua kando yangu kwa kisu chake cha jikoni. Heri angenitukana.

Saa sita likatoka robota. Kushoto fundo. Kulia fundo! Nikaruka, nikamkumbatia jirani nisiyeelewana naye. Robota la pili, paa! Bawaba ikakatika. Majirani wakatazama mawingu, kisha wakanitazama mimi.

Hapo ndipo alipotokea shemeji, kavaa ovaroli safi. Mdomo anao mfukoni, umefungwa kwenye leso. Akasema anautoa, ila nitamke mbele za watu kwamba fundi mkuu ni yeye. Nikakataa. Ndiyo, nilikataa. Nikampa cheo cha fundi msaidizi. Hataki. Nikapanda hadi fundi mwenza. Hataki. Tukavutana dakika arobaini, saa nilikuwa naiona.

Dada akaja akasimama katikati yetu. "Ng'ombe wangu watakula vyeo vyenu?" akauliza.

Shemeji akaona haya. Akaufunga mdomo wake, ule wa chuma na ule wa usoni. Mashine ikaanza kazi. Kushoto fundo, kulia fundo, kushoto, kulia! Marobota mia tatu na kumi na mawili, majirani wanayakimbiza ghalani. Saa tisa mvua ikashuka. Si manyunyu, mvua yenyewe. Theluthi ya shamba ikalowa mbele ya macho yangu, na Dada amesimama humohumo kwenye maji, uma mkononi, hakimbii.

Dakika arobaini zile ni marobota tisini. Nimepiga hesabu mara tatu.

Jumapili, 8 Juni

Mvua tena. Nyasi zilizobaki shambani zimeanza kuoza, zinatoa mvuke. Dada hakunifokea. Akasema tu marobota yaliyopo yanatosha ng'ombe kumi. Nikarudi nyumbani nikalia. Naandika wazi, nililia hadi mke wangu akaacha kunikasirikia.

Jumatano, 25 Juni

Ng'ombe wanne wameuzwa, wameondoka leo. Lori lilikuja asubuhi. Yule mweupe mwenye doa shavuni aligoma kupanda. Ikabidi Dada apande kwanza, ndipo naye akamfuata. Kisha Dada akashuka peke yake, akaenda kusimama nyuma ya ghala asionekane. Niliona aibu. Nikamwomba msamaha. Akasema amenisikia. Nikaapa mbele yake, mbele ya mke wangu na mbele ya Baba: mashine kuukuu basi, sitagusa tena maishani.

Alasiri nikaenda kumfagilia banda, angalau nimpunguzie kazi. Sehemu za wale wanne ziko wazi. Nikasimama pale muda mrefu, roho inaniuma kwelikweli. Halafu, sijui kwa nini, nikapima kwa hatua. Nane kamili. Kuna mzee ng'ambo ya mto ana reki ya kukusanyia nyasi, ile ya kukokotwa na farasi, meno yote yapo isipokuwa sita. Urefu wake hatua saba na nusu. Inaingia, na wala hatuna haja ya kumhamisha ng'ombe mwingine.