Joka Bado Hajashuka Mlimani

Jumatatu, 4 Machi

Mvua. Nimemaliza sura ya kumi na tisa: jinsi nyumbu walivyopakiwa chumvi. Kurasa 412 sasa. Joka yuko mlimani, binti yuko kwao, hawajaonana. Sioni haraka ya nini.

Nevena anaiona. Ndiye mkutubi wetu hapa mjini Tryavna, mjane, mtu mpole mpaka umuudhi. Miaka kumi na moja iliyopita alisema angependa kusoma kitabu cha joka anayempenda binti wa watu, kama katika hadithi za bibi yake, ila chenye karne ya kumi na tatu ndani yake, watu wake na barabara zake. Nikaanza kuandika siku hiyohiyo. Nampenda. Sijamwambia, maana kitabu ndicho kitakachomwambia.

Leo kanieleza kwamba Jumapili kuna jioni ya kusoma maktabani. Msomaji mmoja tu. Joka na binti wakikutana kufikia Ijumaa, nitasoma mimi. Wasipokutana, atasoma Krastyo.

Krastyo! Daktari wa mifugo mstaafu. Kwenye kitabu chake watu wanabusiana tangu ukurasa wa kwanza, eti karne ya kumi na tatu, lakini hujui wako karne gani. Tena humletea Nevena banitsa ya moto, ule mkate wetu wa jibini, na kumshikia koti akivaa. Mtu ana hila huyo.

Jumanne, 5 Machi

Mbinu ya kwanza. Kwa nini nijichoshe? Nilikuwa na mistari michache ya mkutano, akiba ya juzuu ya tatu. Nimeichomeka ukurasa wa 20, nikampelekea Nevena.

Saa tisa Nevena kanipigia simu. Kauliza inakuwaje binti anakutana na joka ukurasa wa 20 ilhali mama yake anazaliwa ukurasa wa 300. Nikasema ni maono. Akasema Metodi, mrudishe mtoto alikotoka.

Jumatano, 6 Machi

Mbinu ya pili. Nimemwandikia Krastyo barua isiyo na jina, kwa mkono wa kushoto, nikimworodheshea makosa yake sitini na matatu. Nyanya. Mahindi. Pilipili. Vyote karne ile vilikuwa havijafika kwetu. Mpenzi mmoja anatazama saa ya mkononi. Mtu yeyote mwenye haya ataiweka kalamu chini. Nimeipenyeza chini ya mlango wake asubuhi, nimelala vizuri mchana.

Alhamisi, 7 Machi

Krastyo kanikumbatia mbele ya posta, mkononi chupa ya rakia, pombe kali ya matunda aliyoipika mwenyewe. Kasema kaka yangu, barua yako imeniokoa. Nikauliza barua gani. Akacheka, akasema mji mzima huu nani mwingine anajua nyumbu walikula nini?

Nyanya zote kazing'oa, kapanda figili. Nevena kasoma jana usiku, kamwambia sasa anaisikia kabisa harufu ya karne ya kumi na tatu. Harufu yangu hiyo! Nimeinywa rakia yake kwa uchungu. Kwa bahati mbaya, ni nzuri.

Ijumaa, 8 Machi

Mbinu ya tatu, na hii sikuitilia shaka. Nilimwomba Nevena tuonane kwenye chemchemi ya mawe ya zamani, pale joka atakapokutana na binti, ili nipate hisia za mahali. Zamani kijana akimpenda msichana alimpokonya kishada cha maua akiteka maji. Msichana asipomfukuza, basi kakubali. Nina kurasa tisa juu ya desturi hiyo. Nevena kazisoma zote.

Alikuja na koti la bluu, lile la sikukuu. Kifuani kishada cha zdravets, yale majani yanayonukia, kimefungwa kwa uzi mwekundu na mweupe. Akasimama kando ya maji, ananitazama.

Nikapima kimo cha mdomo wa chemchemi. Sentimita tisini na nne, nyingi kuliko nilivyodhani. Nikamwambia majani yake ni sahihi kwa karne ile, ila fundo ni la kisasa. Akauliza kama hicho tu ndicho nilichokiona. Nikasema hapana, na pini pia nimeiona.

Krastyo akapita na mbwa wake. Akasema kishada kizuri hicho, mama, nipe mimi. Akakichomoa, akaenda zake anapiga mluzi. Hajui desturi hata chembe! Nikataka kumkimbilia nimweleze. Nevena akasema usithubutu. Hakumfukuza.

Jioni nikapeleka sura. Kurasa sita za chemchemi, kisha: "Wakaonana." Nevena kasema huo si mkutano, ni kazi ya fundi bomba. Krastyo atasoma.

Jumapili, 10 Machi

Krastyo kasoma. Watu wamelia. Dada yangu Ginka, ambaye hakulia hata tulipomzika mumewe, kaomba leso yangu.

Baadaye Nevena akanijia, koti mkononi. Akasema kurasa zangu 412 amezisoma mara mbili, hakuna mwingine duniani aliyefanya hivyo, na hakufanya kwa kupenda nyumbu. Kisha akauliza polepole, hebu niambie Metodi, sentensi moja tu, joka angemwambia nini yule binti?

Sentensi nilikuwa nayo, imefika mdomoni kabisa. Ila majoka wana lugha yao, na bado sijaitunga. Nikamwambia ukweli kwamba nahitaji miaka mitatu.

Akasema Metodi, mimi nina miaka hamsini na minane.

Akanigusa shavu. Krastyo akamshikia koti, wakatoka pamoja.

Nimefika nyumbani, nimevua viatu, nimepiga hesabu. Hamsini na minane, ongeza mitatu: sitini na mmoja. Umri mzuri sana wa kuambiwa jambo. Kesho naanza na vitenzi.