Leseni Yangu ya Baridi na Joto

Jumapili, 6 Julai

Naipanoi amelamba picha yangu ya pasipoti sasa hivi na kuibandika kwenye paji la uso la mbuzi. Imeshika! Mbuzi katulia, ananitazama kwa uso wangu. Nilipiga picha nne na fomu inataka nne, kwa hiyo nimeibandua taratibu. Ina manyoya mawili matatu pembeni lakini bado ni mimi. Nimemsemesha mtoto kwa ukali, akacheka, nikacheka, ukali ukaishia hapo. Ana miaka mitatu. Akikohoa, mwili mzima unaruka. Baridi ya Julai hapa Kiranyi haina huruma na kifua cha mtoto.

Ndiyo maana naitaka leseni. Leseni ya kufunga viyoyozi na mashine za joto. Mama Elifuraha anajenga nyumba ya wageni Kikatiti, vyumba kumi na viwili, kila chumba mashine yake, inatoa baridi jua likiwaka na joto likizama. Kasema nimpelekee leseni kabla ya tarehe ishirini, kazi ni yangu. Nisipoipata anampa Derick. Kwa malipo yake nanunua mashine ya kumi na tatu, naifunga chumbani kwa Naipanoi. Nimeshaamua na ukuta nimeshauchagua.

Derick! Tumejifunza karakana moja, kwa Fundi Nathanaeli pale Ngarenaro. Mimi nilianza kwa kuosha chujio, yeye alianza kwa kutoa amri. Anapiga pasi ovaroli. Ananiita Mama Feni. Leo baada ya ibada akaniuliza mbele ya kwaya nitamuuzia nani baridi Arusha hii, wakati Mlima Meru unaigawa bure. Kwaya nzima ikacheka. Hata besi, ambao huwa wanachelewa kuelewa.

Atanitambua.

Jumatatu, 7 Julai

Nimeenda kupeleka fomu. Ofisi imefungwa. Sabasaba! Getini nimemkuta Derick na ovaroli yake ya pasi, na fomu kwapani. Tukatazamana. Kila mmoja akajifanya anapita tu.

Lakini sikupoteza nauli bure. Tabitha, muuza chai na chapati wa pale getini, hana sikukuu. Ofisi ile anaijua kuliko wenye ofisi. Tukajaza fomu pamoja. Waliuliza uzoefu wa kazi ni miaka mingapi. Ni mitatu. Ila mwaka mmoja nilikuwa mjamzito, tulikuwa wawili kazini, nikaandika minne.

Tabitha kaniambia mkaguzi ni Mzee Lerionka, Mwarusha, mkali. Mwezi uliopita alifelisha watu saba, mmoja wao kwa sababu ya kucha. Ana karatasi yenye visanduku kumi na vinne, na asichokiona kwa macho yake mwenyewe hakiandiki. Ukimwambia umekaza nati, anataka aione mikono ikikaza.

Jioni nikamwuliza baba mkwe wangu, Mzee Loishiye, kama anamfahamu. Akacheka mpaka fimbo ikaanguka. Lerionka! Walitahiriwa msimu mmoja. Rika moja, na mtoto wa mmoja ni wa rika zima! Maana yake Ezra, mume wangu, ni mtoto wa Lerionka pia. Maana yake mkaguzi ni baba mkwe wangu!

Wengine wanaita kujuana. Sisi tunaita heshima.

Jumanne, 8 Julai

Fomu imepokelewa. Karani aliinusa ile picha, akaniuliza kama nafuga. Nikamwambia nafuga kila kitu. Mtihani ni keshokutwa, Alhamisi, mimi na Derick.

Jumatano, 9 Julai

Leo siku ya soko Tengeru. Tabitha alishaniambia mzee huwa hakosi. Nimevaa shuka, si ovaroli, Naipanoi mgongoni. Nikamkuta anachagua miche ya parachichi, anaipindua mmoja mmoja kama anaitahini. Nikaenda mbele yake, nikainamisha kichwa, salamu ya mtoto kwa mzee. Akanigusa utosini kabla hajajua mimi ni nani. Ndipo nikamwambia: mke wa Ezra wa Loishiye wa Kiranyi.

Uso ulimfunguka! Nikampa maziwa mgando ndani ya kibuyu cha shanga cha mama mkwe. Akanitambulisha kwa muuza miche, kwa muuza kuku, mpaka kwa mlinzi wa soko: huyu mnayemwona ni mke wa mwanangu. Mtihani sikuutaja hata kidogo. Hapo ndipo ujanja ulipo.

Derick akapita na mfuko wa vitunguu wakati kichwa changu bado kiko chini. Akauliza nimeangusha nini. Nikamjibu nimeshaokota.

Alhamisi, 10 Julai

Siwezi kuandika kwa mpangilio. Nitajaribu.

Alianza Derick. Kapanda ngazi, kafunga mashine ya nje, kafungua gesi, ikafoka kama nyoka. Mzee Lerionka, shingo juu, macho hayapepesi, akamwambia arudie. Akarudia. Akapaka povu la sabuni kwenye maungio, likatoa viputo vikubwa kama vya watoto. Arudie. Mara ya tatu kafaulu kwa alama za kuponea. Wasichana wa ofisi wakampigia makofi. Makofi ya nini?

Nikaja mimi. Mzee aliponiona ndani ya ovaroli kashtuka, halafu kafurahi. Eti kumbe mke wa mwanangu naye ni fundi! Nikajua leseni ninayo. Nikapanda vipandio sita. Nikageuka nimwonyeshe spana nitakayoanza nayo.

Mzee kanipa mgongo! Anautazama Mlima Meru kama umehamia jana.

Nikafikiri ni wema. Nikafikiri kashanipitisha, hana haja ya kutazama. Furaha ikaniingia mikononi. Sijawahi kufanya kazi vile! Mdomo wa bomba la shaba nimeupanua sawasawa, nati nimekaza, pampu imenyonya hewa yote, povu nimepaka na limekaa kimya. Kiputo hata kimoja hakuna. Nikaita, baba, hebu tazama.

Akanijibu huku anaongea na mlima. Kwamba mkwe hamwinulii macho mke wa mwanawe aliye juu ya ngazi, tena ndani ya suruali. Kwamba jana soko zima la Tengeru limesikia mimi ni nani kwake. Kwamba nishuke tuongee. Nikamwambia nikishuka mimi, kazi inabaki juu. Akasema hiyo ndiyo shida yenyewe.

Akamwita Tabitha atazame kwa niaba yake. Nikaanza upya, hatua kwa hatua, na Tabitha anatangaza. Mama Naipanoi anakaza kitu. Mzee anauliza, kitu gani? Kama kizibo. Sasa anapaka povu. Povu la nini? Tabitha akafikiri. Labda anafua.

Mzee aandike nini?

Nikashuka. Akaenda kuitazama mashine, akaizunguka, akasema hajaona iliyofungwa vizuri hivyo tangu mwaka uanze. Nikamwambia basi andika. Akasema karatasi haiulizi habari za mashine, inauliza habari za mikono, na mikono yangu yeye hajaiona. Atajuaje kama hakuifunga Tabitha?

Nikajaribu kujitoa kwenye ukwe. Nikasema samahani mzee, nadhani nilikosea, Ezra wangu ni wa Loishiye mwingine. Akanitazama, sasa niko chini na anaruhusiwa. Akauliza kama na kile kibuyu chenye shanga za mama Ezra ni cha Loishiye mwingine.

Visanduku kumi na vinne. Vyote kaandika: Haikuonekana.

Kanirudishia karatasi kwa mikono miwili, kwa masikitiko, akanigusa utosini. Derick akasema pale pale, Mama Feni, we ni wa kwanza nchi hii kufeli bila kukosea! Jibu lake ninalo. Nimelipata sasa hivi, lakini yeye hayupo.

Ijumaa, 11 Julai

Derick yuko Kikatiti na futi yake, anapima vyumba. Mama Elifuraha kanipigia mwenyewe. Anasema tarehe ishirini ni tarehe ishirini, ila huyu kijana ovaroli yake imenyooka. Nikamwambia nati zake hazijanyooka. Akakata simu. Namuomba Mungu kakata ili akafikiri.

Barua imekuja, ina muhuri. Mzee Lerionka kaandika kwa mkono wake kwamba mwombaji ni mkwe wake, hafai kumkagua, apewe mkaguzi mwingine. Nitarudia Jumanne, tarehe kumi na tano. Chini wameandika kwa wino mwekundu kwamba asiye na barua hii haruhusiwi kuingia.

Baba mkwe kaniita, kanikalisha. Kasema ningeenda kama mtu baki, nipande, nifunge, nishuke, leo ningekuwa na leseni, kwa sababu kazi naijua. Nimemwitikia, ndiyo baba, nimeelewa.

Naipanoi kakohoa tangu asubuhi. Nimempaka mafuta kifuani, nikampakata mpaka akasinzia. Halafu nikautazama tena ule ukuta. Bado ni mzuri.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeelewa kabisa! Kosa langu lilikuwa kuchagua ndugu mwanaume.

Mkaguzi wa Jumanne ni Madam Evaresta, anatoka Moshi. Tabitha anasema anavaa suruali mwenyewe, anapanda ngazi ya pili pembeni yako, anatazama mikono, anaandika, anaondoka. Hataki kumjua mtu. Ezra kasema basi ni rahisi, nenda, funga mashine, rudi nyumbani. Maskini Ezra. Mume mzuri, lakini hana mbinu.

Mtu asiyetaka kumjua mtu ni mpweke tu. Na mwanamke mpweke kinachomlainisha ni somo wake, mtoto mwenye jina lake! Kwa hiyo Jumatatu nitamsubiri getini na mkungu wa ndizi na mtoto wangu, na mtoto wangu ataitwa Evaresta. Nitasema nilimpa jina hilo kwa sifa zake nilizozisikia tangu zamani. Yeye na sisi tutakuwa kitu kimoja. Familia kabisa. Atakataaje?

Tangu asubuhi namfundisha. Namwita Evaresta, Naipanoi anageuka nyuma kumtafuta Evaresta. Namwita tena, anamwonyesha mbuzi. Nimekata muwa vipande vidogo, akiitika anapata kimoja. Amekula vipande sita bila kuitika, sijui vipi. Nikampa karatasi iliyokuwa mezani achorechore huko nje, akili ipumzike.

Nimemwita sasa hivi kupitia dirishani. Evaresta! Ameitika! Ameitika abee kutoka zizini, sauti kama kengele! Safari hii hakuna wa kunizuia, kila kitu nimekipanga, nina ndizi, nina somo, nina barua hapa meza

Mama mkwe ananiita huko zizini. Anauliza kama ile karatasi yenye muhuri nilikuwa bado naihitaji, maana mbuzi ame