Bitiruti za Nyuma ya Jikoni

Jumatatu, 11 Mei

Mama mkwe amepiga simu kutoka Masii. Anakuja Jumapili baada ya kanisa. Akimkuta mwanangu Wanza bado amepauka vile, anaondoka naye! Atamlea mwenyewe kwa maziwa ya mbuzi mpaka ashibe damu. Ati ni haki yake, mtoto amebeba jina lake. Ni kweli, msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, ndivyo tunavyofanya. Lakini jina ndilo lake. Mtoto ni wangu! Bado ananyonya!

Nimempigia Mumo kazini Mlolongo. Amesema tutaona. Huyo mume wangu, hata nyumba ikishika moto atasema tutaona.

Sina wasiwasi. Niko na bitiruti. Mwezi jana muuguzi alisema damu ya mtoto iko chini kidogo, nimpe vyakula vya kuongeza damu, na bitiruti nilikuwa nimeshapanda nyuma ya jikoni. Majani nayachuma kila asubuhi, nayapika na maharagwe, nampondea Wanza. Ni kama kunde tu, ukichuma inachipuka zaidi. Sasa ni wakati wa kung'oa zenyewe. Lazima zimekuwa kama kichwa cha mtoto.

Jumanne, 12 Mei

Nimeng'oa moja. Kama kinyesi cha mbuzi. Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu ni mkia mtupu! Sielewi. Juu nimetunza vizuri namna hii, huko chini kumetokea nini?

Ni fuko. Anakula kutoka chini. Lakini fuko gani anaonja kila mmea na kuacha kidogo, kama mgeni mwenye adabu?

Au ni Kasyoka, jirani yangu. Mbegu tulinunua pamoja kwa duka la Mutunga. Zake hachumi hata jani moja. Yamezeeka, wadudu wametoboa mpaka unaona ng'ambo. Mwanamke mvivu, Mungu anisamehe. Nilipomwambia mboga zinaharibika, alinijibu ati watoto wake hawapendi mboga.

Jumatano, 13 Mei

Mpango. Nimezika chupa tupu, midomo juu, upepo ukipiga zilie na fuko ahame. Zimelia. Wanza amelia pia. Fuko sijamsikia.

Halafu nimechuma majani yote, yote kabisa, ili mmea ushtuke na kuongeza bidii huko chini. Kasyoka akachungulia juu ya ua. "Mama Wanza, pole sana. Kwani shamba limefiwa, mbona limenyolewa?" Nikajifanya natafuta kuku.

Ijumaa, 15 Mei

Kasyoka ameng'oa zake. Kama ngumi ya Mumo! Chini ya majani yale machafu! Nimekaa kwa mlango wa jikoni nikajaribu kuelewa, nikashindwa.

Nimemuuliza siri. Akasema hafanyi kitu. Hakuna mtu anapata kitu kama hicho bila kufanya kitu. Nikambana. Akasema basi, wachana na majani, yaache yalishe mzizi. Aa! Nikamshtukia hapo hapo. Anataka shamba langu lifanane na lake, asichekwe peke yake.

Hata hivyo amenipa mbili. Nimechukua kwa sababu ya mtoto. Nimechemsha moja na nusu, nikaponda na viazi. Wanza amekula, amepiga makofi, amejipaka mpaka masikioni. Nikamtazama nikasahau kila kitu. Halafu nikakumbuka Jumapili.

Jumamosi, 16 Mei

Nepi nyekundu! Nyekundu! Nimepiga yowe mpaka Kasyoka akaruka ua. Mumo ndio alikuwa anaingia kutoka Mlolongo, begi bado begani. Akaanza kusema tuta... Nikamwangalia. Hakumaliza. Bodaboda mpaka kliniki, mtoto mgongoni, nepi kwa mfuko wa karatasi.

Muuguzi akafungua mfuko, akauliza jana alikula nini. Nikasema. Akacheka mpaka akashika meza. Ni rangi ya bitiruti tu, inaingia hivyo na inatoka hivyo.

Kwa vile tumeshafika, akamdunga Wanza kidole apime. Damu imepanda! Ati ni yale majani na maharagwe ya kila siku, niendelee. Nimelia mbele ya foleni yote.

Lakini mama mkwe haamini mashine. Anaamini macho. Kumebaki nusu bitiruti jikoni. Niko na mpango.

Jumapili, 17 Mei

Nilimpaka Wanza mashavu. Kidogo tu. Akapendeza kama nyanya ya kupeleka sokoni.

Mama mkwe akaingia na blauzi nyeupe ya kanisa. Akamkumbatia wajina wake, akambusu shavu hili na hili. Akainua uso. Midomo myekundu, kola nyekundu, kifua chote! Akapiga yowe ati mtoto anavuja damu. Mumo akatoka mbio kutafuta bodaboda. Angalau yeye amejifunza kitu.

Nikasema polepole, mwaitu, mama yangu, si damu. Ni bitiruti.

Akalamba kidole. Akachukua leso, akaitemea mate, akamfuta Wanza mashavu yote mawili. Halafu akavuta kope ya chini, vile anavyokagua mbuzi wake kama wana damu. Nyekundu ndani. Akavuta ya pili. Nyekundu. Wanza akacheka, akamvua kitambaa cha kichwa.

Akasema huyu ako na damu kunishinda. Abaki na mama yake.

Kisha akataka kuona shamba. Akatazama vile vijiti vyangu, akang'oa kimoja, akanishikia mbele ya macho. "Mwana wakwa, hii si kunde. Ukiipokonya majani kila siku, huko chini itakula nini?" Nikaitikia ndiyo, mwaitu. Nilikuwa nimembeba Wanza. Ningeitikia chochote.

Jumatatu, 8 Juni

Nilipanda upya na zimeota! Mama mkwe amepiga simu, blauzi imekataa kutakata. Nimemwambia ailete, niichemshe na bitiruti iwe nyekundu yote. Amekata simu. Nadhani amefurahi.

Nimefikiria sana yale maneno yake. Bado yananichanganya. Majani ndiyo yalimpa Wanza damu, muuguzi alisema mwenyewe. Sasa niyaachie mzizi, kwani mzizi ndio unanyonya kwangu? Kosa langu lilikuwa moja tu. Nilichelewa kuanza kuchuma, fuko akazoea.

Leo asubuhi kila mche una majani mawili. Laini, na miguu myekundu. Nikajiambia siyagusi. Nimechuma moja moja tu, ili zichangamke. Kasyoka alikuwa anatazama juu ya ua, ameshika mdomo kwa mikono miwili.

Wivu tu.