Mkurugenzi Apata Kazi

Mkurugenzi hakuwa mkurugenzi wa kitu chochote. Cheo alijipa mwenyewe, na watu wakakipokea bila swali, maana alivaa shati jeupe lenye kola iliyosimama wima, na katika dunia hii mtu mwenye kola ya namna hiyo haulizwi anaongoza nini.

Siku moja alikuwa kwa kinyozi, uso umejaa povu, aliposikia kilio kutoka kiti cha pili. Mliaji alikuwa mwenye nyumba mmoja, tajiri wa maghorofa, aliyekuwa akisimulia kwa uchungu jinsi mafundi rangi walivyogeuka wezi. Kosa lao ni kwamba walitaka kulipwa.

"Jengo jipya, vyumba vitupu, wapangaji wanapita tu!" alilalama. "Fundi ananitajia bei kama vile ananiuzia jengo lenyewe!"

Mkurugenzi akafumbua jicho moja.

"Mzee wangu, kwa nusu ya bei hiyo nakupakia rangi jengo zima, ndani na nje."

"Kwani wewe ni fundi?"

"Mimi? Brashi sijawahi kuishika. Mimi ni uongozi."

Wakapeana mikono palepale, kinyozi akiwa shahidi.

Kesho yake matangazo yakabandikwa kwenye nguzo za umeme: kampuni kubwa inatafuta mafundi rangi wa kudumu, mshahara wa kila mwezi, matibabu, likizo. Njoo na brashi yako. Watu walikuja kama mvua. Wengine walikuwa hawajaona likizo tangu wazaliwe, wakataka angalau kujua inafananaje. Mkurugenzi akawapokea mezani pale chini ya jengo, kalamu sikioni, akawagawia vyumba. Huo, aliwaambia, ndio mtihani wa vitendo.

"Bosi," akauliza mama mmoja mwembamba ambaye mafundi wenzake walimwita Mama Mstari, kwa jinsi alivyonyoosha ukingo wa rangi bila kutumia rula, "mtihani ni ukuta mmoja au chumba kizima?"

"Kampuni inapima pumzi, mama. Chumba kizima na dari yake."

"Na korido?"

"Korido ni alama za nyongeza."

Mama Mstari akapaka chumba, akapaka dari, akatafuta na alama za nyongeza. Jioni alishuka mgongo ukiwa umepinda.

"Tutakupigia simu," akasema Mkurugenzi kwa upole mkubwa.

Simu hiyo haijapigwa mpaka leo. Wapangaji walihamia, mwenye nyumba akapandisha kodi kwa sababu ya rangi mpya. Na naomba tuelewane hapa: mwenye nyumba aliyejua kabisa kwamba bei ile haiwezi kumlipa fundi hata mmoja, akanyamaza, akavuna, huyo mtaani aliitwa mfanyabiashara hodari. Tapeli alikuwa mmoja tu, yule asiye na ghorofa.

Nyumbani, hata hivyo, mambo yalikuwa yamechacha. Mkewe alikuwa dobi. Alifua na kupiga pasi nguo za watu kwenye chumba cha mbele, na yeye ndiye aliyejua kila kola ya mumewe.

"Baba," alimwambia jioni moja bila kuinua macho kwenye pasi, "hii kola unayotapelia naipiga pasi mimi. Maana yake na mimi ni mwenzako kwenye dhambi. Nimechoka."

"Mke wangu, mimi natumia akili tu."

"Tumia basi akili hiyo kutafuta kazi. Kazi yenye mahali pa kwenda asubuhi, ambayo nikiulizwa sokoni mume wako anafanya nini, nisijifanye nina kikohozi. Mwezi huu ukiisha hujapata, mimi naenda kwa kaka yangu. Begi liko pale."

Begi lilikuwa pale kweli, mdomo wazi, khanga mbili zimeshaingia. Mkurugenzi, ambaye angeweza kuiuzia bahari samaki, alilisogeza ukutani, kisha akalirudisha lilipokuwa. Alimpenda yule mwanamke. Hilo ndilo jambo pekee maishani mwake ambalo halikuwa na ujanja ndani yake.

Siku chache baadaye, akiwa kwa kinyozi yuleyule, mzee mmoja mwenye suti ya kijivu alikaa pembeni yake, akamtazama kwenye kioo.

"Wewe ndiye uliyesimamia lile jengo la rangi ya maziwa?"

Mkurugenzi akapima mlango uko mbali kiasi gani. "Kwa nini, mzee wangu?"

"Watu wengi namna ile, kazi safi namna ile, na hakuna kelele. Huo ni uongozi, kijana. Mimi nina nyumba za wageni kila mji. Nataka meneja mkuu. Mshahara mnono, ofisi, gari." Alisema "gari" kama mtu anayetaja kitu cha kawaida kabisa, mfano kijiko. "Ila sipendi mameneja wa mezani. Kwangu meneja aanze kwa mikono yake. Fikiria, unijibu kesho."

Mkurugenzi akaenda nyumbani akitembea kama mgonjwa. Maisha yake yote yeye ndiye aliyetoa kazi za uongo. Kupewa kazi ya kweli hakukujua. Aliketi kwenye kigoda karibu na beseni la nguo, akaigeuza ile ofa kichwani kama mwanamke anavyogeuza nyanya sokoni, akitafuta palipooza.

"Ameomba ada ya fomu?" mkewe akauliza.

"Hapana."

"Ya sare? Ya kumjua bosi?"

"Hata senti. Mke wangu, mimi hii kazi naijua. Mtu asiyekuomba hela si tapeli. Anakutapeli nini sasa, hewa?"

"Basi unaogopa nini?"

"Nikiajiriwa, nitakuwa naamkia watu shikamoo kila asubuhi. Nitaomba ruhusa ya kuumwa. Mimi, Mkurugenzi!"

"Mimi naomba ruhusa ya maji kwa mwenye bomba kila siku, na bado ni mtu." Akaenda kwenye begi, akatoa khanga moja, akairudisha kwenye kamba ya nguo. Moja tu. "Nyingine itatoka nikiona hiyo kazi kwa macho."

Basi akakubali.

Mzee wa suti akampeleka ghorofani juu ya duka la mbao, kwenye ukumbi mkubwa wenye kuta zilizobanduka kama ngozi ya mwenye homa. Haya, alisema, ndiyo makao makuu mapya. Meneja ataanza na kupaka rangi, peke yake, bila msaidizi. Rangi ile pale, ngazi ile pale.

"Na korido, mzee?"

"Na korido."

Mkurugenzi alipaka. Siku ya kwanza alijipaka zaidi mwenyewe kuliko ukuta. Shingo ikakakamaa, malengelenge yakaota viganjani mahali ambapo hapajawahi kuota kitu. Alijifunza kukwangua kabla ya kupaka, na kuchovya brashi kidogo badala ya kuizamisha kama ndoo kisimani. Mwishoni alijikuta anarudia ukuta ambao hakuna aliyemwambia aurudie, kwa sababu tu ulimkera. Jioni alirudi nyumbani ananuka rangi, mkewe anamkandia mabega, na mwanamke yule akaanza kuimba tena wakati wa kupiga pasi.

Siku ya kumaliza, mkewe akaja mwenyewe na chakula kwenye bakuli, ili aone kazi kwa macho. Alikuta mume wake juu ya ngazi, amevaa kofia ya gazeti. Akacheka. Hapo ndipo mlango ukafunguliwa, wakaingia mafundi rangi, kundi zima, mbele yao Mama Mstari, na nyuma kabisa mzee wa suti bila suti.

"Huyu ni shemeji yangu," Mama Mstari akatambulisha. "Amewaendesha mabosi miaka mingi, ameyasikia mazungumzo yao yote kwenye kioo cha gari. Suti tumeazima. Na huu ukumbi ni wetu, tumeukodi mafundi wote tuliofanya ule mtihani wako, tuwe na chama chetu."

"Lakini," Mkurugenzi akasema kwa sauti nyembamba kutoka huko juu, "hamkuniomba hela!"

"Kwani wewe ulituomba?"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Mzee dereva akarekebisha tai ambayo hakuivaa: "Kijana, tutakupigia simu."

Mke wa Mkurugenzi peke yake hakucheka. Aliweka bakuli chini.

"Mama," akamwambia Mama Mstari, "niambie kama fundi. Hii kazi yake ikoje?"

Mama Mstari akazizunguka kuta, akapitisha kidole kwenye ukingo wa dari. Alitaka sana kusema ni mbaya. "Dari ana papara," akasema mwishowe. "Ukuta... ukuta ametulia."

"Mngemchukua?"

Kelele zikapanda. "Huyu mwizi?" "Atatuuzia ngazi!" Mama Mstari akainua mkono. "Kibarua. Kubeba ndoo na kukwangua. Analipwa kama tunavyolipwa, siku kwa siku. Na akifungua mdomo kuongoza mtu, anatoka."

Wote wakatazama juu ya ngazi.

"Naweza kufikiria?" akauliza Mkurugenzi.

"Fikiria, baba," akasema mkewe. "Mimi nakwenda." Akatoka, akashuka ghorofani, kandambili zikipiga kila kipandio.

Mkurugenzi akaruka kutoka kwenye ngazi, akakimbilia mlangoni.

"We! Brashi itakauka!" akaita Mama Mstari.

Akasimama kizingitini, mguu mmoja nje. Kule chini kandambili zilikuwa zinakwenda. Mkononi rangi ilikuwa imeanza kushika nywele za brashi.

Mkewe alikuwa amefika mlango wa duka la mbao aliposikia juu bomba linafunguliwa, maji yanamwagika kwenye ndoo, na mtu anasugua kwa nguvu kama anayefua shati la bosi. Akaegemea mbao, akangoja.