Chumba cha Ushirikiano wa Awali

Kuanzia saa tatu asubuhi, Jumatatu, taifa zima lilianza kulipenda Dola lililolitawala zamani. Tangazo lilirudiwa redioni kwa ajili ya wale ambao huchelewa kupenda.

Utekelezaji wa mapenzi hayo ulimwangukia Mkurugenzi wa Idara ya Mtazamo wa Taifa, mtu asiyelaza damu. Kabla ya adhuhuri, Chumba cha Mateso katika jumba la makumbusho kilikuwa kimeshapakwa rangi ya waridi na kuitwa Chumba cha Ushirikiano wa Awali. Minyororo ya ukutani ikaandikwa "vifaa vya kuwaunganisha wafanyakazi". Hakuhangaika bure: kiti cha ubalozi huko kwenye Dola kilikuwa wazi, naye alikitamani mpaka mate yanamdondoka. Waziri alikuwa ameshamkonyeza.

Kikwazo kilikuwa mama mkwe wake. Bibi huyo ndiye aliyekuwa akiwasimulia wageni wa jumba jinsi baba yake alivyochapwa katika chumba hicho hicho.

"Mama, kesho anakuja Mjumbe wa Dola. Nakuomba utabasamu."

"Juzi uliniambia nilie."

"Msimamo umebadilika, mama."

"Mgongo wa baba haukubadilika. Lakini wewe ni mkwe wangu, nifanyeje? Nitatabasamu."

Kesho yake Mjumbe aliingia na Waziri, na kabla hajaonyeshwa kiti akapiga magoti mbele ya bibi. Kumbe kwao nako msimamo ulikuwa umebadilika. Sasa walikuwa wanaona aibu.

"Mama, nimetumwa kuomba radhi."

"Hakuna haja, mheshimiwa," Mkurugenzi akadakia. "Wazee wetu walifurahi sana."

Mama mkwe akatabasamu kama alivyoagizwa. Mjumbe akamtazama Mkurugenzi kama mtu aliyefunua sufuria akakuta chakula kimechacha.

"Serikali yangu haitampokea balozi mwenye maneno hayo."

Ubalozi ukaota mbawa. Mkurugenzi akamgeukia Waziri kuomba msaada, lakini Waziri alikuwa ameshatoa leso na kuanza kulia kwa niaba ya taifa.

"Mama," Mjumbe akasema kwa upole, "naomba nikione kiboko chenyewe alichochapwa nacho baba."

"Hakipo, mwanangu. Polisi walikiazima wakati wa uchaguzi. Wanasema vya siku hizi havidumu."

Waziri akaacha kulia. Mjumbe, magoti yake bado sakafuni, akajisogeza pembeni kidogo, akamwachia Waziri nafasi.