Amplifaya ya Balbu Nne

Shemeji yangu alimpiga mama mkwe wake risasi tatu Jumapili moja alasiri, zote mgongoni, na kila mara alidai kosa ni la mama mwenyewe kutembea kwa kelele.

Ilikuwa kwenye gemu ya kompyuta. Nalisema hili mapema usije ukaanza kumtafutia wakili. Ila kwa familia yetu gemu ile haikuwa mchezo, na mama mkwe huyo ndiye mama yangu mzazi, kwa hiyo nikiisimulia kwa uchungu kidogo univumilie.

Shemeji anaitwa Masikio. Jina alijipa mwenyewe, jambo ambalo lingetosha kututahadharisha. Ni fundi wa cherehani. Mteja akileta mashine iliyogoma, Masikio haifungui kwanza. Anaiinamia, anaweka sikio kwenye chuma kama daktari, anafumba macho, kisha anasema, "Hii sindano ina kinyongo na bobini." Halafu anaifungua na kukuta mkanda umekatika. Ukimuuliza, anakwambia mkanda umekatika kwa sababu ya kinyongo.

Dada yangu, mkewe, alimzawadia hedifoni. Zilikuwa nyepesi, safi, za kuchomeka popote. Alizivaa wiki mbili kwa muziki na kwa gemu, akafurahi kama binadamu wa kawaida. Wiki ya tatu akaanza kukunja uso.

"Sauti inanifikia imechoka," alisema. "Inahitaji amplifaya."

"Imetoka kwenye kompyuta hapo mezani," dada akamjibu. "Imechoshwa na safari gani?"

Masikio akanitazama mimi kwa huruma, maana nimezaliwa tumbo moja na mtu asiyeelewa sauti. Tukaondoka wote wawili kwenda dukani.

Duka lilikuwa la mama mmoja anayetengeneza redio tangu sijazaliwa. Watu humwita Mama Redio. Miwani yake ilining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, na alikuwa analehemu waya mwembamba kuliko unywele. Hakuinua kichwa.

"Nataka amplifaya ya hedifoni," alisema Masikio. "Ya muziki na gemu. Nina masikio yasiyo ya kawaida."

Mama Redio akamwangalia masikio. Yalikuwa mawili.

"Muziki wako unatoka wapi?" akauliza.

"Moyoni."

"Nauliza waya umeuchomeka wapi."

Ikabidi akiri kwamba ni kwenye kompyuta ya zamani, ile ambayo ukisogeza kipanya chake hedifoni zinatoa kimlio kidogo, chrr, chrr, kama mtu anayekanyaga kokoto mbali. Mama Redio akaweka chuma chake chini.

"Basi tuanzie hapo. Kisima kikiwa na tope, ukinunua ndoo kubwa utateka tope jingi. Amplifaya haisafishi sauti, inaikuza. Na hizo hedifoni zako ni nyepesi, hata simu inazisukuma bila kutoa jasho." Akavuta droo, akatoa kidude kidogo kama kiberiti. "Hiki unachomeka kwenye kompyuta, hedifoni unachomeka hapa. Kinachukua sauti kabla haijaokota uchafu. Kinatosha muziki, kinatosha gemu, na utakisahau kama kipo."

Hilo neno la kukisahau ndilo lililoharibu biashara. Masikio alikishika kwa vidole viwili kama mtu aliyepewa meno ya mtu mwingine.

"Mama, mgeni akija nyumbani nitamwonyesha nini hapa?"

"Utamwonyesha kiti."

Lakini macho ya Masikio yalikuwa yameshapanda kwenye rafu ya juu. Huko kulikuwa na amplifaya kubwa kama keki ya harusi, chuma kitupu, na balbu nne za kioo zimesimama juu yake kama minara. Mama Redio aliiwasha kwa shingo upande. Balbu zikawaka taratibu, rangi ya machungwa. Masikio akavua kofia.

"Hiyo ni ya hedifoni nzito, zenye shingo ngumu," alisema Mama Redio. "Kwako wewe itakuwa kumfukuza kuku kwa trekta."

"Mama," alisema Masikio kwa sauti ya chini, "kuna kuku na kuku."

Tuliibeba kwa kupokezana hadi nyumbani. Akaiweka kwenye rafu nyuma ya meza, juu kidogo ya kompyuta, mahali ambapo anayeingia mlangoni hawezi kuikwepa. Kisha akanivisha hedifoni, akafungua wimbo wa gitaa. Kitufe cha sauti kilikuwa hakitaki mzaha. Kikizungushwa pungufu ya unywele mmoja, kimya, na kikizidi unywele mmoja, gitaa lilinipiga kibao. Na nyuma ya gitaa kulikuwa na shhhhh isiyokwisha.

"Unasikia hiyo shhh?" aliuliza, macho yanametameta. "Hiyo ni pumzi ya mpiga gitaa."

"Basi ana pumu."



Sasa nikueleze kuhusu Mama. Alikuwa mpiga chapa ofisini kwa miaka kumi na minane, na tangu astaafu vidole vyake vilikosa kazi. Dada akamfundisha ile gemu. Ndani ya miezi mitatu, Mama alikuwa anavamia majengo, analinda masanduku na kuangusha maadui huku kibodi yake inalia kama mvua juu ya bati. Mtaani kwetu kulianzishwa ligi, familia kwa familia, wachezaji wanne kila upande. Tukashinda, tukashinda, mpaka tukafika fainali. Na fainali tulipangiwa Bwana Koma.

Bwana Koma alikuwa mkuu wa Mama ofisini. Miaka yote kumi na minane alimrudishia barua zake kwa sababu ya koma. Siku ya kumuaga Mama kazini, Bwana Koma alipewa kadi ya pongezi aisaini, akaisahihisha kwanza. Mama hakuwahi kumjibu hata neno. Sasa Bwana Koma na wanawe watatu walikuwa upande wa pili wa waya, wamevaa kofia za chuma, na Mama alikuwa na bunduki.

"Wanangu," alituambia kwenye maikrofoni kutoka kwake, "mimi sina kisasi. Nataka tu nimwone amelala chini."

Dada, Masikio na mimi tulikaa sebuleni, kila mmoja na kompyuta yake. Mechi ilikuwa raundi saba, na anayefikisha nne ndiye bingwa. Ukipigwa umetoka mpaka raundi inayofuata. Masikio alipangwa mbele kwa sababu aliahidi kumsikia adui akiwa bado anafikiria kuja. Mama alimfuata kinyumenyume, kumlinda mgongo.

Hapo ndipo ndoo kubwa ilipokutana na tope. Kila Masikio aliposogeza kipanya, kompyuta ililia chrr, amplifaya ikaikuza, na masikioni mwake jeshi zima likawa linakanyaga kokoto nyuma yake. Na nyuma yake kulikuwa na mtu mmoja tu.

Raundi ya kwanza aligeuka, akafyatua. Mama akaanguka.

"Mkwe," alisema Mama, "ni mimi."

"Samahani Mama. Viatu vyako vina kishindo."

Raundi ya pili akageuka tena. Mama akaanguka karibu na ngazi. Raundi ya tatu Mama alisimama kabisa, hakusogea hata hatua moja, akawa anapumua tu huko nyumbani kwake. Masikio akampiga.

Tatu bila. Kwenye maikrofoni tulisikia sauti kavu ya Bwana Koma, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mpiga chapa, naona bado unakosea mahali pa kusimama."

Kibodi ya Mama ikaacha kulia. Nilimjua, na kimya kile kilinikata maini. Dada naye alikisikia. Masikio alipokwenda kunawa uso, dada aliinuka, akachomoa waya wa hedifoni za mumewe kwenye amplifaya, akaupitisha nyuma ya meza na kuuchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Balbu akaziacha ziwake kwa heshima. Akarudi kukaa, akaniangalia mara moja tu. Nikafunga mdomo.

Masikio alirudi, akavaa hedifoni. Raundi ya nne ilianza. Alisonga mbele, akasimama, akainamisha kichwa.

"Mlango wa kushoto," alinong'ona. "Wawili."

Walikuwa wawili. Mama akawalaza wote kabla hajamaliza kunong'ona. Raundi ya tano na ya sita zikaenda hivyo hivyo, yeye anasikia, Mama anamaliza. Tatu kwa tatu.

"Sasa imepata moto," Masikio akatangaza, na maikrofoni yake ilikuwa wazi kwa watu wote wanane. "Amplifaya ya balbu lazima ipashwe kwanza. Ndiyo maana zile tatu za mwanzo sikuwa mimi."

"Hata mimi sikuwa mimi," alisema Mama. "Nilikuwa marehemu."

Raundi ya saba alibaki Bwana Koma peke yake, amejificha nyuma ya pipa. Masikio alisikia kiatu kikikwaruza. Alisema tu, "Pipa." Mama akazunguka ukuta. Risasi ilikuwa moja. Alimwangalia aliyelala chini, kisha akasema, "Nukta."

Dada alilia. Mimi pia, lakini kidogo. Masikio alisimama kutoa hotuba. Aliwashukuru wote, kisha akaanza kueleza jinsi balbu inavyoipa sauti mwili, na ili tumwelewe akapandisha mkono rafuni kuongeza sauti. Alizungusha kitufe nusu. Akakizungusha chote. Muziki wa ushindi uliendelea vilevile, haukumjali.

Akanyamaza. Akashika waya wa hedifoni pale shingoni, akaufuata kwa vidole kama afuatavyo uzi kwenye cherehani, ukashuka kifuani, ukapita ukingo wa meza, ukazunguka nyuma, ukaishia kwenye kompyuta.

"Mkwe," ilisema sauti ya Mama, "mbona umenyamaza? Mwili umeishia wapi?"

Kesho yake alirudi kwa Mama Redio peke yake, akaja na kile kidude cha kiberiti mfukoni. Tangu siku hiyo hajakitaja kwa mgeni yeyote. Amplifaya ilihamia jikoni. Joto la balbu zake ni la kiasi, na dada anasema unga wa mkate haujawahi kuumuka vizuri namna ile.

Tunaendelea kucheza, na sasa Masikio anasikia vizuri kweli. Ila Mama hana kinyongo, ana kumbukumbu. Amempa sharti moja: akisikia hatua asifyatue mpaka aulize. Kwa hiyo kila Jumapili, katikati ya jengo lililojaa moshi, utamsikia mtu mzima akiuliza kwa adabu, "Samahani, nani mwenzangu?" Adui, ambaye hakufundwa na mama yake, humjibu kwa risasi.

Mama hasikitiki. Anasema angalau sasa tunajua wamekaa upande gani.